Nichunguzeje ufundishaji wangu mwenyewe?

SWALI: Nafundisha hisabati darasa la nne, wanafunzi 58. Nikiuliza swali, mikono ni ileile ya madawati ya mbele. Nataka kufanya utafiti tendaji, yaani kuchunguza na kuboresha ufundishaji wangu mwenyewe. Nianzie wapi?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, anza na swali linalopimika. "Kwa nini hawashiriki?" ni pana mno. Jiulize: "Nikisubiri sekunde 3 baada ya kuuliza, watajibu wangapi?" Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alikuta walimu kwa kawaida husubiri takriban sekunde 1 tu.

Kabla ya kubadili chochote, pima hali ilivyo kwa vipindi 6. Hapa ndipo wengi huharibu: huanza na dawa, kisha wanakosa cha kulinganishia. Chora ramani ya madawati, mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma, na kila mtoto akijibu, mwenzako apige kistari penye nafasi ya mtoto huyo. Usihesabu mwenyewe huku unafundisha. Utawakumbuka waliokufurahisha tu. Kisha fundisha vipindi 6 ukisubiri sekunde 3 baada ya kila swali, kwa ramani ileile. Usianzishe na kazi za vikundi wakati huohuo, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Daftari lijaze siku hiyohiyo: ukurasa wa kushoto ulichokiona, wa kulia unachokidhani. Wape watoto namba badala ya majina, na ruhusa ya mkuu wa shule iwe mkononi mapema.

Ramani ikionyesha nyuma bado patupu, hayo nayo ni matokeo. Zungumza na watoto wanne wa huko, kisha panga mzunguko wa pili wa kujaribu na kupima.