Karati ya dhahabu na karati ya kito

Dada yangu wa Malindi, umeuliza kwa nini risiti ya pete uliyoletewa na shemeji yako kutoka Marekani imeandikwa karat mahali pamoja na carat mahali pengine, na iwapo muuzaji alikosea tahajia. Hakukosea. Wamarekani huandika neno hilo kwa k wanapotaja usafi wa dhahabu, na kwa c wanapotaja uzito wa vito. Waingereza huandika yote mawili kwa c, na ndiyo maana sisi tuliosomeshwa Kiingereza chao hubabaika.

Usafi huhesabiwa kwa sehemu 24. Dhahabu ya karati 24 ni safi, lakini ni laini mno kwa pete ya kuvaliwa kila siku, ilhali ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu na 6 za madini mengine, kama vile shaba na fedha, yanayoipa ugumu. Itazame pete yako upande wa ndani, kwa kioo cha kukuzia ikibidi: muhuri wa 750 ni karati 18, na wa 916 ni karati 22. Muhuri huo hauonyeshi uzito, ambao sonara atakupimia kwa gramu.

Kito, kwa upande wake, hupimwa uzito, karati moja ikiwa gramu 0.2. Kwa hiyo ile carat 0.50 kwenye risiti yako, iliyokutia wasiwasi, ni almasi ya gramu 0.1, wala si dhahabu hafifu.