Bustani ya Ploti: Pilipili Yageuka Manjano Dirishani, na Maswali Mengine ya Wasomaji

SWALI: Kwako bwana shamba. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda kitu. Nina pilipili hoho moja sebuleni huku Roysambu, kwenye ndoo ya lita 10, na balbu ya LED ya wati 9 ikining'inia juu yake. Mwezi wa kwanza ilinawiri. Sasa majani madogo ya juu yamegeuka manjano lakini mishipa bado ni ya kijani, ncha za majani ya chini zimekauka, na mmea unalegea ingawa naumwagilia kila asubuhi. Nimekuwa nikiweka kijiko kikubwa cha mbolea ya CAN kila wiki, na nimepuliza dawa ya wadudu mara mbili. Maji ya ploti ni ya chumvi. Ya kanjo huja siku moja kwa wiki. Nisaidieni kabla haijakufa. – Dada wa Roysambu

JIBU: Dada, anza kwa kuacha. Weka kando CAN na dawa kwa wiki tatu nzima. Mmea wako hauna njaa na hatuoni dalili ya mdudu katika uliyoyaeleza. Tatizo liko kwenye maji na kwenye mizizi, na kila kijiko cha mbolea kinalizidisha.

Umetuambia jambo ambalo wengi husahau kulitaja, nalo ni kwamba manjano imeanzia kwenye majani machanga. Mmea unapokosa naitrojeni, huinyonya kutoka majani makuukuu na kuyapa machanga, kwa hiyo jani la chini kabisa hugeuka manjano lote, mishipa kwa pamoja. Magnesiamu nayo huhamishika, ila ikikosekana jani la chini hubaki na mishipa ya kijani. Madini ya chuma hayahami. Yakikosekana, majani ya chini hubaki na rangi yake huku yanayochipuka juu yakitoka manjano yenye wavu wa mishipa ya kijani. Hicho ndicho unachokiona, na CAN haina chuma hata chembe.

Mara nyingi chuma kimo ndani ya ndoo hiyo hiyo. Udongo mwekundu wa kwetu una rangi hiyo kwa sababu ya chuma. Kinachokizuia ni maji. Maji ya visima virefu vya Nairobi, ambayo huenda ndiyo hayo ya chumvi ya ploti yako, kwa kawaida yana sodiamu na bikaboneti nyingi, yaani tabia ya magadi, pamoja na floraidi. Kila unapomwagilia, mmea hunywa maji na joto hukausha mengine, lakini chumvi haiendi popote. Bikaboneti hupandisha pH ya udongo, yaani kipimo cha tindikali na magadi, polepole, na ikishapita 7.5 hivi chuma hujifunga kisiweze kunyonywa. Sodiamu, na ile CAN iliyozidi, ndizo zinazochoma ncha za majani. Shambani mvua ingeisukuma chumvi hiyo chini zaidi ya mizizi. Sebuleni hakuna mvua. Kagua ukingo wa ndoo kwa ndani na uso wa udongo: ukiona ukoko mweupe unaokwaruzika kwa ukucha, basi ni hiyo.

Sasa kuhusu kulegea. Mmea ulio kwenye udongo mkavu hulegea, na ulio kwenye udongo uliojaa maji hulegea vilevile, kwa sababu mizizi inahitaji hewa ili iweze kunyonya. Usikisie, itazame. Tandaza gazeti sakafuni, shika shina pale linapotoka udongoni kati ya vidole viwili, pindua ndoo na uigonge ubavuni mpaka bonge la udongo litoke zima. Mzizi wenye afya ni mweupe au wa rangi ya maziwa, mgumu, na ukiuvuta kidogo haukatiki. Uliooza ni wa kahawia na unateleza. Ukiubana na kuuvuta, ganda lake hubaki vidoleni na uzi mwembamba hubaki kwenye udongo. Nusa pia. Udongo mzima hunuka kama shamba lililonyeshewa, na ulioziba hewa hunuka kama mtaro.

Ikiwa mizizi mingi bado ni myeupe, rudisha mmea ndani ya ndoo, lakini kwanza hakikisha kitakoni kuna matundu yasiyopungua sita, yenye upana wa milimita 8 hadi 10. Msumari uliopashwa moto utatoboa bila shida. Usiweke kokoto chini ukidhani zitasaidia maji kutoka. Maji husimama kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi hubaki na nafasi ndogo zaidi. Kisha osha udongo kwa maji ya kanjo au ya mvua. Mimina lita 20 hadi 30 bafuni, polepole, lita mbili mbili, ukingoja kila duru itoke chini. Baada ya hapo usimwagilie tena hadi kidole ulichokichomeka hadi kifundo cha pili kikute ukavu.

Ikiwa mizizi mingi imeoza, usioshe, badilisha udongo. Kata iliyooza kwa mkasi uliopanguswa na spiriti, punguza theluthi moja ya majani ili mizizi iliyobaki isielemewe, na upande upya katika mchanganyiko huu: sehemu tatu za udongo mwekundu uliochekechwa, sehemu mbili za samadi iliyooza hadi haina harufu wala joto, na sehemu mbili za kumvi za mpunga au vipande vya pumisi, lile jiwe jepesi la volkano. Udongo mwekundu peke yake ndani ya ndoo hushikamana baada ya wiki chache. Ule mweusi wa mfinyanzi wa upande wa Embakasi na Syokimau usiutumie kabisa, maana ukilowa hauna hewa na ukikauka hupasuka na kukata mizizi. Ukipendelea kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) badala ya kumvi, iloweke na kuisuuza mara mbili, kwani nyingine huja na chumvi yake.

Kwa ajili ya chuma, uliza agroveti mbolea ya chuma ya cheleti (chuma kilichofungwa ili udongo usikizuie) aina ya EDDHA na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ile ya EDTA ni rahisi kupatikana, lakini ikiwekwa kwenye udongo wenye pH ya juu hupoteza nguvu. Hiyo itumie kwa kupuliza majani jioni tu.

Utaambiwa utie siki au ndimu kwenye maji. Siki kweli hupunguza bikaboneti siku hiyo, lakini vijidudu vya udongoni huila ile tindikali na bikaboneti hurudi. Kuchemsha nako hakuondoi sodiamu, na maji yakipungua sufuriani chumvi huwa kali zaidi. Dawa ya kweli ni maji mengine. Siku ya kanjo jaza mtungi wa lita 20 kwa ajili ya mmea peke yake. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hukupa lita 10, kwa hiyo beseni kubwa kwenye balkoni wakati wa masika litakupa akiba ya siku kadhaa. Ikibidi utumie ya chumvi, changanya nusu kwa nusu, na kila ukimwagilia acha maji yatoke chini kidogo, kisha umwage yaliyobaki kwenye sahani. Mmea ukiyanywa tena, umerudishiwa chumvi ile ile.

Balbu yako pia inahitaji kusogezwa. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika kwenye jani hupungua hadi kama robo. Balbu ya wati 9 iliyo mita moja juu ni ya kumulika chumba tu; ishushe hadi sentimita 20 juu ya majani, iwake saa 14 kwa siku na izimwe usiku. Itakula yuniti zisizofika 4 za stima kwa mwezi. Hata hivyo tukuambie ukweli: balbu moja ya kawaida itakuza miche, dania au mnanaa, lakini hoho haiwezi kuzaa kwa mwanga huo peke yake. Inahitaji dirisha.

Na dirisha la Nairobi lina mambo yake. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saa sita jua liko juu ya paa na haliingii ndani. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba limeegemea kaskazini, na miezi mingine kusini, lakini hata Juni huwa juu sana kiasi kwamba balkoni ya jirani wa juu hulizuia. Dirisha linalotazama mashariki au magharibi ndilo linalopata miale ya moja kwa moja mwaka mzima, asubuhi au alasiri. Ukipata la mashariki, weka ndoo hapo, nusu mita kutoka kwenye kioo au karibu zaidi.

Majani yaliyokauka ncha hayatapona, usiyangoje. Tazama yanayochipuka: yakitoka kijani baada ya wiki mbili au tatu, umeshinda. Hapo ndipo urudishe CAN, kifuniko kimoja cha soda, yaani gramu 5 hivi, kila baada ya wiki nne. Itawanye mbali na shina na umwagilie papo hapo.

SWALI: Miche yangu ya nyanya huota vizuri kwenye trei, halafu ghafla hulala chini kana kwamba imekatwa pale inapotokea udongoni. Nimepoteza trei mbili. – Msomaji, Umoja

JIBU: Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa udongoni. Mche ulioanguka hauponi. Ng'oa pamoja na udongo ulioushika ili usiambukize wenzake, na uache kumwagilia kwa siku mbili. Kwa trei inayofuata, usirudie udongo ule ule. Mwagia udongo mpya maji yanayochemka hadi yatoke chini, ufunike, usubiri upoe kabisa. Panda mbegu kina cha sentimita moja, zikiachana sentimita tatu. Zikishachomoza ondoa mfuniko wa plastiki siku hiyo hiyo, maana unyevu uliofungiwa ndio chakula cha ukungu huo. Nywesha kwa kukalisha trei ndani ya karai lenye maji ya kina cha sentimita mbili kwa dakika 15, kisha uitoe. Miezi ya Juni hadi Agosti, wakati wa baridi na mawingu, kinyausi huzidi kwa kuwa udongo haukauki, basi mwagilia nusu ya ulivyozoea.

SWALI: Nyanya zangu kwenye balkoni zinaoza kitako, doa jeusi kama ngozi. Nimesaga maganda ya mayai nikaweka, hakuna mabadiliko. – Baba wa watoto wawili, Donholm

JIBU: Baba, huo si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalsiamu wakati lilipokuwa dogo, lakini mara nyingi kalsiamu imo udongoni. Iliyokosekana ni safari ya maji ya kuipeleka kwenye tunda. Maganda ya mayai huchukua miezi mingi kuyeyuka, kwa hiyo hayawezi kuliokoa tunda la leo. Kinacholeta shida ni kukausha ndoo Jumamosi na kuifurikisha Jumapili. Mnyanya unaozaa ndani ya ndoo ya lita 20 unaweza kuhitaji lita moja hadi mbili kila siku ya jua, asubuhi, bila kuruka. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, unene wa sentimita tano. Chuma matunda yaliyooza. Yatakayofuata yatatoka salama.

SWALI: Majani ya pilipili yana vidoti vyeupe vidogo sana, na chini yake kuna utando mwembamba. Je, ni ukungu? – Mwanafunzi, Juja

JIBU: La, huo ni utitiri mwekundu. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe na usubiri: vumbi litatulia, utitiri utaanza kutembea. Pitisha kidole juu yake. Ukiona michirizi ya rangi ya kutu, umehakikisha. Hupenda ukavu na joto, ndiyo sababu Januari na Februari huwa balaa. Si mdudu wa miguu sita, ni jamaa ya kupe, kwa hiyo dawa nyingi za kawaida za wadudu hazimgusi, na zikiua maadui zake anaongezeka.

Peleka mmea bafuni, ulaze ubavu na uoshe upande wa chini wa majani kwa maji yenye nguvu kiasi, jani kwa jani. Jioni yake puliza mafuta ya mwarobaini: mililita 5 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, ukitanguliza matone machache ya sabuni ya maji ili mafuta yachanganyike. Lenga chini ya majani. Rudia kila baada ya siku tano, mara tatu, kwa sababu si mayai yote hufa kwa dawa hiyo na yanayobaki huanguliwa siku chache baadaye. Ukipuliza mara moja na kuacha, kizazi kipya kitakukuta umestarehe. Usipulize mchana juani. Mafuta huunguza jani.

SWALI: Vijinzi vyeusi vinaruka kutoka kwenye udongo wa maua yangu. Vinaua mmea? – Mama Kawangware

JIBU: Mama, vyenyewe havidhuru, ila funza wao hutafuna mizizi myororo ya miche. Uwepo wao unakuambia udongo haukauki. Acha sentimita tatu za juu zikauke kabisa kati ya mwagilio mmoja na mwingine, tandaza sentimita moja ya mchanga wa mto uliooshwa, na usimamishe kadi ya manjano yenye gundi kando ya shina. Endelea hivyo wiki nne, maana kutoka yai hadi kijinzi huchukua kama wiki tatu au nne.