Rafiki yako boom linakata mapema? Msikilize kabla ya kumshauri

Boom, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, likiingia, chuo kizima kinajua. Foleni kwa mawakala wa pesa inarefuka, na mizinga, yaani kuombwa hela, inaanza siku hiyo hiyo. Anayepata mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania, wa chakula na malazi kwa kiwango kamili huhesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, ila fedha huja kwa mkupuo, kwa hiyo boom la siku 60 ni shilingi 600,000 zinazotua kwa pamoja. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja hosteli alikuwa anazipata zote, na kabla ya nusu ya muda keshachacha. Anapiga pasi ndefu: chai anairuka, chakula cha mchana anakila saa tisa ili kimvushe mpaka usiku. Kumwona mtu unayempenda akisomea mtihani kwa maji matupu kunauma sana.

Wote tulikuwa tunamwambia neno moja: panga bajeti. Bajeti alikuwa nayo, imebandikwa ukutani juu ya kitanda chake. Dada wa watu anasoma uhasibu!

Muhula huo, kwenye somo la ujasiriamali, tulifundishwa fikra za kibunifu, ile njia iliyopata umaarufu kupitia Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani. Unaanza kwa kumwelewa mtu, unalitaja tatizo lake halisi, unakusanya mawazo mengi, unatengeneza mfano wa bei rahisi, kisha unaujaribu. Kazi tuliyopewa ilikuwa kumtafuta mtu wa karibu na kushughulika na shida yake ya kila siku. Sikuhitaji kwenda mbali.

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kujaribu: usiulize "kwa nini hela zako zinaisha?" Swali hilo lina lawama ndani yake, na mtu atajitetea tu. Mimi nilimwambia, "Shosti, nisimulie siku ile boom lilipoingia, tangu ulipoamka." Akasimulia. Kisha akanifungulia mwenyewe ujumbe wa miamala kwenye simu yake, tukausoma pamoja tumekaa kitandani. Nilitegemea kuona viatu na nywele. Tulichokikuta ni 5,000 kwa mdogo wake aliye kidato cha tatu, 10,000 kwa mama, 3,000 kwa mwanafunzi mwenzetu, 7,000 kwa mwingine, na makato ya kutuma kila mara. Karibu yote yametoka siku za mwanzo. Akaniambia, "Nikisema sina huku ninayo kwenye simu, silali."

Hapo tatizo likabadilika sura mbele yangu. Sisi tulikuwa tunataka kumfundisha kubana matumizi, kumbe yeye alichohitaji ni chakula cha uhakika hata akishawasaidia watu wake. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa, na ukiishika ile ya kwanza utaishia kumgombeza mtu kwa wema wake. Wanafunzi wa Stanford waliopewa kazi mwaka 2007 ya kubuni mashine nafuu ya kuwapa joto watoto njiti walikutana na jambo la namna hiyo. Mmoja wao alipofika Nepal alikuta hospitali ina mashine zimekaa bila watoto, kwa sababu watoto wengi njiti walizaliwa vijijini na hawakufikishwa hospitali. Ndipo wakageukia mfuko mdogo wa kumlaza mtoto, wenye kitu kama nta kinachotunza joto kwa saa kadhaa hata pasipo umeme. Wangebaki na kazi kama ilivyoandikwa, wangetengeneza mashine nyingine ya kukaa hospitalini.

Kwenye mawazo hatukuchagua. Tuliandika yote: kibubu, bahasha za kila wiki, hela zikae kwa dada yake, gunia la mchele (hosteli hairuhusu kupika, lakini tuliandika hivyo hivyo). Wazo lililomfanya anyanyue kichwa ni la kumlipa mama ntilie kabla. Hela ikishageuka kuwa chakula, akisema hana anasema kweli.

Mfano wetu ulikuwa kipande cha manila kilichokatwa kwa mkasi, kina viboksi vya tarehe, kila kiboksi ni sahani moja ya wali maharage ya 2,000. Tukampelekea mama ntilie, tukamwamkia, tukamweleza. Mama akakikataa, na sababu yake ilitufundisha kuliko mhadhara: "Wanangu, mkinipa ya mwezi mzima nitaiingiza kwenye mchele na mafuta, bei ikipanda nitawalisha na nini?" Akakubali wiki moja moja, na akataka kadi mbili, moja akae nayo yeye. Tukakata nyingine pale pale kwenye benchi lake.

Kwa hiyo kila Jumatatu rafiki yangu analipa 10,000, milo mitano ya mchana imeshika. Mama anaweka mkwaju wa kalamu kwenye kadi zote mbili kila anapopakua. Siku moja nilimwona shosti wangu akimtumia mdogo wake hela ya daftari bila kupiga hesabu ya njaa usoni, na nilifurahi mno.

Ukitaka kumfanyia mwenzio jambo hili, mwombe ruhusa kabla ya kugusa habari za fedha zake, na kitu cha kwanza mnachotengeneza kiwe cha karatasi ili asione aibu kukwambia hakimfai. Aliyeniambia kadi yetu ni kubwa, haiingii kwenye pochi, ni yeye. Sasa tunakata ndogo.

Kilichobaki ni mwisho wa wiki, mama hafungui Jumamosi wala Jumapili. Kuna kaka anauza chapati na maharage karibu na geti. Jumamosi hii tunakwenda kuongea naye, na safari hii tutamuuliza kwanza yeye hununua unga wake kwa utaratibu gani.