Barua kwa Mwanangu: Unaniuliza Utakuwa Nani

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako nikaurudia. Umepata nafasi ya kusoma Taaluma za Ulimwengu chuo kikuu, somo la jinsi mambo ya dunia yanavyofungamana, nawe unauliza: "Mama, anayesoma udaktari anakuwa daktari, anayesoma uhandisi anakuwa mhandisi. Mimi nitakuwa nani?" Sitaki kukujibu juu juu.

Nianze na meli. Machi 2021, meli ya makontena iitwayo Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama ikaziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Wenye meli walikuwa Wajapani, kampuni iliyoiendesha ya Taiwan, bendera ya Panama, yaani ilisajiliwa huko, mabaharia Wahindi. Mfereji ni wa Misri, iliyoutaifisha mwaka 1956 chini ya Gamal Abdel Nasser, na vita vikazuka kwa sababu hiyo. Meli iliponasuka, Misri iliizuia hadi Julai kwa madai ya fidia. Wengi wa mabaharia walibaki humo miezi yote hiyo.

Mwanasheria atakufafanulia suala la bendera, mwanauchumi hasara ya mizigo iliyochelewa, mwanahistoria yaliyotokea 1956. Wote watasema kweli. Somo lako linakutaka uyashike yote kwa mpigo, kisha uulize ilikuwaje watu wasio na hisa katika meli wala mali katika makontena ndio waliozuiwa humo. Hapo ndipo ninapoona thamani yake. Uhusiano wa kimataifa, somo linalokaribiana na lako, huanzia zaidi kwa serikali na mikataba yao. Huku utakutana pia na kampuni, wahamiaji, magonjwa na hali ya hewa, mambo yasiyosubiri kugongewa muhuri mpakani.

Ila usikubali kufundishwa kukata tamaa tu. Wapo wanaohitimu wakijua kulaumu dunia na basi. Soma habari za ndui. Mwaka 1958, katikati ya Vita Baridi, Umoja wa Kisovieti ulilipendekezea Shirika la Afya Duniani kampeni ya kuutokomeza ugonjwa huo, na baadaye Marekani nayo ikaingia kwa nguvu. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha duniani. Chanjo peke yake isingetosha. Ilibidi mahasimu wakubali kukaa meza moja, na wachanjaji waaminiwe na watu wa lugha na imani tofauti. Kazi ya namna hiyo inahitaji watu waliosomea mambo haya.

Sasa wasiwasi wangu, na sikufichi. Somo hili ni pana mno, na mtu anaweza kumaliza akiwa amegusagusa kila kitu. Kwa hiyo shika takwimu, hata kama hesabu zinakuchosha, na shika lugha nyingine hadi uweze kusoma magazeti yake na kubishana na wenyewe. Waajiri wengi hawatalielewa jina la digrii yako. Watataka kuona ripoti uliyoiandika na takwimu ulizozichambua mwenyewe.

Utakuwa nani, basi? Hutapata cheo kimoja kilichokwisha kuandaliwa. Waliosoma hivi utawakuta katika mashirika ya wakimbizi, wizara za mambo ya nje, vyumba vya habari, kampuni za biashara ya nje, na wengine huendelea na uzamili wa sheria au uchumi. Mimi naliona hilo ni jambo jema kwako, maana tangu utotoni hukuridhika na jibu la upande mmoja.

Kabla hujathibitisha nafasi, iandikie idara uwaulize: takwimu ni somo la lazima? Lugha inafundishwa kwa miaka mingapi? Kuna mafunzo kwa vitendo? Tasnifu ya mwisho inasimamiwa na nani? Wakisema takwimu haimo, kheri uchukue uchumi au historia, na masomo ya Taaluma za Ulimwengu uyachague kama ya ziada. Nitumie majibu yao tuyapitie pamoja.

Mama yako