Kabla ya kuandika "beg" kwenye barua ya Kiingereza

Huwa nawachapia watu barua kwenye saiba moja karibu na Mtaa wa Ronald Ngala, Nairobi. Wanakuja na haja za kila aina, basari ya mtoto, kazi, zabuni, na karibu wote huanza na neno lile lile: "Nataka kuomba..."

Neno hilo liliniponza mwaka 2019. Mama mmoja muuza kabeji kule soko la Marikiti alitaka kuipelekea shule fulani mboga kila wiki. Nikitaka kumwandikia kwa adabu, nikaweka kwamba yeye ni "humble supplicant", nikidhani neno hilo na "supply" ni ndugu. Shuleni walimwelekeza kwenye foleni ya wazazi wanaotafuta nafuu ya karo. Alirudi, akaiweka barua mezani kwangu, akakaa kimya. Iliniuma, maana kosa lilikuwa langu na aibu aliibeba yeye.

Maneno hayo yanafanana sura tu. Yote yametoka Kilatini, lakini "supply" asili yake ni kujaza kilichopungua, na "supplicate", yaani kuomba kwa kujinyenyekeza, imetoka kwa neno la mtu aliyepiga magoti. Ndugu yake halisi ni "supple", kitu laini kinachopindika.

Sisi tuna raha. Tunamwomba Mungu, tunaomba kazi, chumvi kwa jirani, msamaha, na kitenzi ni kimoja. Heshima tunaiweka kwenye sauti na kwenye "tafadhali". Kiingereza kinakulazimisha uchague kitenzi, na ukishachagua umeshasema umesimama wapi. "Beg" inakuweka chini kabisa. "Beseech" na "implore" ni kusihi kwa mtu aliyefikwa, mgonjwa akiwa mahututi kwa mfano. Kwenye barua ya kazi zinamtia msomaji wasiwasi. Kazi na basari andika "apply". Mambo ya kawaida ya ofisini, "request" inatosha. Ninayoipenda zaidi ni "petition", kwa sababu unaomba kwa heshima na bado umeshika haki yako: Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamruhusu kila mtu kuwasilisha ombi la namna hiyo kwa mamlaka za umma.

Kwa anayetoa, bidhaa ni "supply", huduma ni "provide". "Donate" ni bure, kwa hiyo usiiguse kama utadai malipo.

Siku hizi kabla sijagusa kibodi namuuliza mteja: wakikubali, nani atakuwa amemfaa mwenzake? Shule yenye mamia ya watoto inahitaji kabeji. Kwa nini mwenye kabeji apige magoti?

Barua ya pili ya yule mama ilikuwa na mistari minne: kabeji ngapi, bei gani, siku zipi, simu yake. Akanitaka nimsomee kwa Kiswahili. Nikasoma, "Mimi huuza kabeji, na ninaweza kuwaletea kila Jumatatu."

"Ehe," akasema, "huyo sasa ni mimi." Akaikunja, akaitia mkobani.