Kabla hujarusha habari, jua nani anaweza kuizima

Vijana wanaokuja kwetu Kigoma kwa mafunzo ya vitendo ya uandishi wa habari, wa hapa mjini na wa Kasulu na Kibondo, huniuliza kama Tanzania ina uhuru wa habari au haina. Hilo ni swali la mdahalo, kazini halikusaidii. Jiulize hivi: nani anaweza kuizuia habari yako, ataizuia kabla haijatoka au baada, na akishaizuia utamshtaki wapi?

Katika udikteta mkono huingia mapema. Umoja wa Kisovieti ulianzisha Glavlit mwaka 1922, ofisi ya kupitia maandishi kabla hayajachapwa. Ujerumani ya Hitler ilikwenda mbali zaidi: sheria ya Oktoba 1933 ilimbana mhariri mwenyewe. Asiyekuwa kwenye orodha iliyokubaliwa na dola hakuruhusiwa kufanya kazi hiyo, na Wayahudi wakaenguliwa. Eritrea haikujisumbua hata na orodha. Septemba 2001 ilifunga magazeti yote binafsi kwa mkupuo. Dawit Isaak, mmoja wa waandishi waliokamatwa mwezi huo, hajawahi kufikishwa mahakamani.

Demokrasia nazo huzuia, msidanganywe. Mwaka 1971 serikali ya Nixon, rais wa Marekani, ilikwenda mahakamani kulizuia gazeti la New York Times lisiendelee kuchapisha nyaraka za siri za vita vya Vietnam, na kwa siku kadhaa ilifanikiwa. Kisha Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 6 kwa 3, kwamba gazeti lichapishe. Mnachopaswa kukishika hapo ni kwamba rais alilazimika kuomba, na akakataliwa. India, yenye uchaguzi na mahakama, iliwekewa hali ya hatari na Indira Gandhi mwaka 1975, na magazeti yakaanza kukaguliwa kabla ya kuchapwa. Kenya, Januari 2018, ilizima televisheni kubwa kwa sababu ya Raila Odinga, kiongozi wa upinzani wakati huo, kujiapisha kuwa rais. Mahakama ikaamuru zirudishwe, serikali ikajivutavuta siku kadhaa. Mimi nchi naipima kwa siku hizo za kujivutavuta kuliko kwa maneno ya katiba yake.

Kwetu Kigoma mfano wa karibu ni Burundi. Mei 2015, katika jaribio la mapinduzi, stesheni binafsi za RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa na kunyamazishwa. Rema FM iliyoelemea upande wa serikali nayo haikusalimika. Wakimbizi walimiminika Kagunga, kijiji cha mpakani, meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma, na redio nyingi walizozizoea zilikuwa zimenyamaza. Redio zikinyamaza uvumi hushika zamu. Baadhi ya waandishi wa Burundi walianza kutuma taarifa za sauti kwa WhatsApp na mitandao mingine. Mwandishi wa Kigoma asiyejua habari hii hajui jirani yake.

Lakini msiite kila kinachokatwa udhibiti. Mhariri akiondoa jina la mtoto aliyebakwa, anafanya kazi yake. Na RTLM ya Rwanda, redio iliyochochea mauaji ya kimbari mwaka 1994, haikuwa uhuru wa habari. Mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake mwaka 2003.

Sasa nyumbani. Ibara ya 18 ya Katiba inalinda uhuru wa maoni. Chini yake zipo sheria, na ndizo utakazokutana nazo mlangoni: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) kwa redio, kitambulisho cha ithibati kwa wewe mwenyewe. Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima yalifungiwa kwa nyakati tofauti, yakarudishiwa leseni Februari 2022. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 Bunge likairekebisha. Someni sheria yenyewe, msisomewe na mtu wa kijiweni.

Ila redio ya mkoani mara nyingi haizimwi kwa amri ya waziri. Inazimwa kwa simu. "Hiyo habari iacheni kwanza, mkuu hajapendezwa." Au hakuna anayepiga kabisa, ila matangazo ya kulipia yanapungua, na meneja anaanza kuuliza kwa nini mmeng'ang'ania ule mradi wa maji. Baada ya muda mtangazaji anajikata mwenyewe kabla hajaambiwa. Hapo dola haina haja ya Glavlit.

Kwa hiyo, ukipigiwa simu, jibu kwa adabu: "Sawa mheshimiwa, naomba mtuandikie, mtaje na kifungu." Andika saa na jina la aliyepiga, mpelekee mhariri siku hiyohiyo. Barua nyingi za namna hiyo hazifiki. Mtafute anayetuhumiwa kwenye habari yako kabla ya kurusha, tunza sauti na daftari, kwa sababu ukiitwa utaulizwa ushahidi, si ujasiri.

Halmashauri ikikunyima takwimu, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: raia anaandika ombi, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Peleka nakala mbili masjala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Wasipojibu, muhuri huo unaonyesha tarehe ya kuanzia kuhesabu, na kimya chao nacho ni habari ya kurusha.