Kabla hujaagiza vitendanishi, itazame sampuli yako

Wanafunzi wa uzamili hapa Dodoma huniuliza: nikitaka kusoma sehemu chache tu za vinasaba, nizizalishe kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) au nizinase kwa chambo (vipande vilivyotengenezwa kushika sehemu hizo)? Mimi huwarudisha kwenye sampuli kwanza. Bei tutaizungumza baadaye.

Kwa jeni moja, mathalani HBB ya selimundu yenye herufi kama 1,600 tu, PCR inatosha. Huridhika hata na nanogramu 10 za DNA, na matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi mara nyingi hayatupi nyingi.

Hatari yake iko kwenye praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR ianzie wapi. Mtu akiwa na badiliko pale praima inapopaswa kushika, nakala yake moja ya jeni (kila mtu ana mbili, ya baba na ya mama) inaweza isizalishwe kabisa, nawe ukaandika kwamba nakala zake mbili zinafanana. Kwetu hili si jambo dogo. Mwaka 2007 mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba uwezo wa watu wazima kumeng'enya maziwa, kwa Watanzania na Wakenya wengi, unahusiana na badiliko la -14010 (nambari ni mahali lilipo kwenye DNA), tofauti na lile la Ulaya la -13910. Yameachana kwa herufi 100 tu! Praima iliyobuniwa kusoma la Ulaya inaweza kuangukia hasa juu ya letu. Na usitegemee hifadhidata peke yake: mradi wa 1000 Genomes, uliosoma vinasaba vya watu wa sehemu mbalimbali za dunia, uliwachukua Waluhya wa Webuye, Kenya, lakini hauna kundi lolote la Tanzania. Kama utafiti wako unawahusu Wagogo, Warangi au Wasandawe, buni jozi mbili za praima zinazopishana, zikishika mahali tofauti, uzijaribu kwanza kwa sampuli za watu haohao.

Jeni zikifika mamia, hamia kwenye chambo: vipande vya herufi kama 120 vyenye biotini, kemikali inayonaswa na shanga za sumaku ili vivutwe. Badiliko moja halivizuii kushika. Ila vinataka DNA zaidi, na katika itifaki nyingi hukaa usiku kucha kwenye nyuzi joto 65. Umeme ukikatika saa nane za usiku, kazi imeharibika, kwa hiyo iweke UPS ya mashine kwenye bajeti tangu mwanzo. Kimiminika cha kuoshea nacho kisipoe, maana DNA usiyoihitaji itabaki imeng'ang'ania. Kumbuka pia kwamba chambo cha HBB huweza kuivuta HBD, jeni jirani yake inayofanana nayo sana.

Matokeo ya kwanza yakija, angalia nakala rudufu (kipande kilekile cha DNA kilichosomwa zaidi ya mara moja) kabla ya kulipia usomaji zaidi. Zikiwa nyingi, ongeza DNA ya kuanzia na upunguze mizunguko ya PCR.